Thrii ya 13 na chuo unachokitaka: namna ya kuyasoma matokeo yako kabla ya kuomba

Kila Julai, matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, simu yangu haipoi. Baridi ya Uyole mwezi huo inaingia mpaka kwenye mifupa, nami nimejikunyata na blanketi mabegani napokea: "Shikamoo kaka. Nimepata thrii ya kumi na tatu. Ndiyo basi tena?" Huwa sijibu hapo hapo. Namuuliza masomo gani, na kila somo lina herufi gani. Kimya kinaingia. Wengi hawana jibu la haraka, kwa sababu kilichotembea mtaani ni daraja: thrii, yaani Daraja la Tatu, na jumla ya pointi zake. Daraja ndilo baba aliloulizwa kijiweni, ndilo shangazi wa Makambako alilopigiwa simu kuambiwa.

Ofisi ya udahili haina habari na daraja lako. Inatazama herufi, somo kwa somo, kisha inachungulia cheti chako cha kidato cha nne ambacho wewe ulishakisahau kabatini. Ukijifunza kuyasoma matokeo yako kwa macho hayo utajua ndani ya robo saa mlango gani uko wazi, upi umefungwa, na upi unafunguka ukizunguka nyuma ya nyumba.

Nayasema haya kwa sababu yalinigharimu mwaka. Nilimaliza PCM nikiwa na Kemia D, Fizikia E, Hisabati S. Daraja la Tatu, pointi 15. Nyumbani Rungwe walinichinjia kuku. Nikaomba uhandisi vyuo vinne, raundi ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kila nilipokosa nilisema kuna watu wanabebwa. Hakuna aliyebebwa. Sikuwa na sifa tangu siku ya kwanza, na hesabu ya kunionyesha hivyo ni ya dakika mbili. Mwaka ule nikauishia kwenye parachichi za mzee.

Hatua ya 1: Andika herufi kwenye karatasi

Chukua karatasi. Andika masomo matatu ya tahasusi yako, moja chini ya jingine, na mbele ya kila somo weka herufi uliyopata. GS (General Studies) iache pembeni.

Kila herufi hapo ina thamani mbili, na hapa ndipo watu wanapopotea. Baraza la Mitihani, NECTA, linapopanga daraja huhesabu A kuwa 1, B 2, C 3, D 4, E 5, S 6 na F 7. Kwao ndogo ndiyo nzuri: 3 hadi 9 ni Daraja la Kwanza, 10 hadi 12 la Pili, 13 hadi 17 la Tatu. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, inakwenda upande wa pili: A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1, S nusu, F sifuri. Kwao kubwa ndiyo nzuri. Isitoshe, TCU haikutaki ufaulu yote matatu. Kiwango cha chini cha kuingia shahada moja kwa moja ni prinsipali mbili, yaani masomo mawili yenye herufi kati ya A na E, jumla yake ifike 4.0, na yawe masomo yale yanayotajwa na programu unayoiomba.

Sasa tazama thrii ya 13 inavyodanganya. Waweke vijana watatu kwenye benchi moja, wote wana 13. Wa kwanza ana C, C na F. Kwa hesabu ya TCU ana 6. Wa pili ana D, D na E. Ana 4 kamili, amesimama kizingitini. Wa tatu ana A, S na S. Jumlisha uone: 1 na 6 na 6, ni 13 ileile. Lakini prinsipali yake ni moja tu, kwa hiyo mlango wa moja kwa moja haumhusu, pamoja na A yake. Halafu mlete wa nne mwenye B, E na F, thrii ya 14, ambaye mtaani wanamwona amefeli kuliko hao wote. Ana 5. Anampita wa pili kwa pointi nzima.

Kwa hiyo ukiambiwa "mwenye thrii haendi Mlimani", yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, muulize anayesema: thrii ipi?

Waliomaliza 2014 na 2015 wana mizani yao, ile yenye B+, na wao wanatakiwa kuwa na C mbili. Kama ni wewe, usitumie hesabu ya hapo juu.

Hatua ya 2: Pakua mwongozo wa TCU na usome mkia wa masharti

Kila mwaka TCU hutoa kitabu cha mwongozo wa udahili kwenye tovuti yake, bure. Viko viwili, kimoja cha wenye kidato cha sita, kingine cha wenye stashahada na sifa nyingine linganifu. Pakua cha kwako, cha mwaka huu. Usitumie cha kaka yako aliyemaliza miaka mitatu iliyopita, masharti hubadilika. Ni kitabu kinene na kiko kwa Kiingereza, lakini huna haja ya kukisoma chote. Nenda kwenye chuo unachokitaka, tafuta programu, weka rula chini ya mstari wake ili macho yasirukie mstari wa jirani.

Kwenye mstari huo utakuta jina la programu, msimbo wake, masharti, miaka ya masomo na idadi ya nafasi. Masharti yasome kwa kidole, neno kwa neno, mpaka kwenye nukta. Watu husoma mwanzo ("prinsipali mbili katika masomo yafuatayo...") wakiona masomo yao yapo wanafunga kitabu. Sumu iko mkiani. Mkiani ndiko kulikoandikwa kwamba kama Hisabati haimo kwenye prinsipali zako, basi uwe na ufaulu fulani wa Hisabati kwenye kidato cha nne. Kwingine ni Kiingereza, kwingine Fizikia au Kemia.

Mwaka juzi alinijia binti mmoja wa Makete, amevaa sweta mbili, na mama yake pembeni ameshika bahasha ya kaki kama ameshika mtoto. HGE: Historia E, Jiografia C, Uchumi D. Daraja la Pili la 12, pointi za TCU 5. Anataka Uchumi, na chuo ni kimoja tu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tukaweka rula. Mwanzo wa masharti ukampita vizuri. Tukafika mkiani. Nikamwuliza, Hisabati ya kidato cha nne? Akamtazama mama yake kwanza, kisha sakafu. F. Mama akasema, "Lakini hiyo si ilishapita, mwanangu?" Haikuwa imepita. Tulikaa mpaka saa mbili usiku tukitafuta programu zisizo na mkia wa Hisabati, na leo anasoma mambo ya jiografia na mazingira. Bila ile rula angelipa ada za maombi, akakosa, na asingejua kamwe amekosea wapi.

Safu ya mwisho, ya idadi ya nafasi, karibu hakuna anayeitazama, nami naiona ndiyo yenye faida kuliko zote kwa mtu mwenye alama za kati. Programu yenye nafasi 50 na programu yenye nafasi 400 si foleni moja, hata kama masharti yao yameandikwa kwa maneno yaleyale. Andika idadi hiyo pembeni ya kila unachokifikiria.

Hatua ya 3: Amua utaachia nini, kozi au chuo

Kutimiza kiwango cha chini ni ruhusa ya kupanga foleni. Mbele yako watakuwepo wenye A na B. Kwenye udaktari na famasia Muhimbili, uhandisi Mlimani, au usanifu majengo Chuo Kikuu Ardhi, foleni hiyo inaishia kwa watu wenye alama za juu sana kuliko zilizoandikwa kwenye mwongozo. Ukiwa na 4 au 5 lazima uachie kimoja: ushike chuo na ubadili kozi, au ushike kozi na ubadili chuo.

Mimi nina msimamo wangu hapa. Kama unataka kazi inayosajiliwa na bodi au baraza lake, kama uhandisi, uuguzi au sheria, shika kozi. Bodi ya Usajili wa Wahandisi inataka uwe umesoma uhandisi kwenye chuo kinachotambuliwa. Haikuongezei chochote kwa kuwa ulikaa hosteli za Dar es Salaam. Kama kozi yenyewe ni pana, za utawala, lugha, historia, maendeleo ya jamii, hapo jina la chuo, maktaba yake na watu utakaokutana nao vina uzito zaidi, shika chuo. Wapo watakaonipinga, na wana haki.

Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tuna njia mojawapo iko mlangoni na tunairuka. Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, pale Iringa, ni tawi la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu 2005. Anayemaliza pale anatunukiwa shahada ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mbeya nako kuna ndaki ya afya ya chuo hichohicho. Nimeona mtu wa Kilolo akikataa Mkwawa kwa sababu "ni hapa hapa tu", halafu akakosa Mlimani, akabaki nyumbani. Ualimu wa sayansi Mkwawa ni shahada ya chuo kilekile alichokuwa anakililia.

Ukishika kozi na kuachia chuo, panua macho. Aliyekosa uhandisi wa ujenzi anaweza kukuta uhandisi wa umwagiliaji na rasilimali za maji pale Sokoine, Morogoro, na kwa mtu aliyekulia Mbarali akiangalia mifereji ya mpunga, hiyo si kozi ya kujifariji hata kidogo. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, MUST, kina uhandisi wake. Dodoma ni chuo kikubwa chenye programu nyingi. Mzumbe wana ndaki hapa Mbeya. Kuna Chuo Kikuu cha Iringa, kuna Ruaha cha Wakatoliki, kuna Chuo Kikuu Katoliki cha Mbeya. Ukisikia jina la chuo usilolijua, likague kwanza kwenye orodha ya TCU ya vyuo vinavyotambuliwa.

Na wa PCB mnaoota udaktari: ule unataka prinsipali zote tatu, Fizikia, Kemia na Baiolojia. Ukiwa na S hapo katikati, usiombe kwa kubahatisha. Ruka mpaka Hatua ya 5.

Hatua ya 4: Omba mwenyewe, kwa namba yako mwenyewe

Tangu 2017 maombi hayapitii mfumo mmoja wa pamoja. Unaomba moja kwa moja kwenye mfumo wa kila chuo na kulipa kila mahali, vyuo vingi shilingi 10,000. Kwa familia nyingi za huku hiyo ni hela ya viazi vilivyouzwa, kwa hiyo usitawanye maombi kama mbegu za ulezi. Vyuo vitatu vinatosha, vinne ukiweza. Kimoja kiwe cha ndoto. Viwili viwe vya kweli, ambavyo pointi zako zimezidi kiwango cha chini angalau kwa moja au mbili, na nafasi ni nyingi. Kimoja kiwe cha uhakika.

Ndani ya kila chuo utapanga programu kwa mfuatano. Usijaze nafasi zote kwa kozi za aina moja zenye ushindani uleule. Mtu anaandika udaktari, famasia, meno, kisha anashangaa kukosa zote tatu. Waliomshinda kwenye ya kwanza ndio waliomshinda kwenye ya pili na ya tatu.

Omba raundi ya kwanza. Raundi zinazofuata ni za mabaki. Programu zilizojaa zinaondolewa, na zinazobaki mara nyingi ni zile ambazo wengi hawakuzitaka. Hata hivyo usizidharau: ukikosa ya kwanza, subiri tangazo la nafasi zilizobaki, rudi kwenye karatasi yako ya Hatua ya 1, anza upya kwa akili iliyotulia.

Unachohitaji kuwa nacho mezani: namba ya mtihani ya kidato cha nne na ya kidato cha sita, cheti cha kuzaliwa, barua pepe unayoijua nywila yake, na laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako au la mzazi unayeishi naye. Majina yafanane kila mahali. Kama kidato cha nne unaitwa Tumaini na kidato cha sita umekuwa Tumain, shughulikia hilo mapema, lisikukute Agosti.

Ukienda steshenari, iwe Mwanjelwa, Miyomboni au stendi ya Njombe, kaa kwenye kiti pembeni ya anayechapa na tazama kioo. Barua pepe iwe yako. Namba ya simu iwe yako. Kwa nini nalisisitiza hili, nitakwambia mwishoni.

Walio kambini JKT wana shida ya peke yao. Dirisha la maombi linaweza kufunguka ukiwa Mafinga au Itende unakimbia mchakamchaka, huna simu. Kabla hujaripoti, mwachie mtu mmoja unayemwamini karatasi yenye namba zako za mtihani, nywila ya barua pepe, na orodha ya vyuo na programu unazozitaka kwa mpangilio, hata kama matokeo hayajatoka. Umwachie na laini yako. Mtu mmoja, siyo watatu. Nimeona kijana aliyeombewa na baba, na mjomba, na mwalimu wake wa zamani, kila mmoja na chaguo lake.

Na kuna wale wanaojitokeza msimu huu na "mtu wao udahili". Wanataka laki mbili, laki tatu, wanakuonyesha ujumbe wa simu wenye nembo. Ukipita utasema ni wao, ukikosa hawapokei simu. Usiwape hata ya maji.

Hatua ya 5: Kama pointi hazitoshi, zunguka nyuma ya nyumba mapema

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndiko nilikopita.

Njia ya stashahada ndiyo naipendekeza kwa wengi. Mwenye prinsipali moja na sabsidiari (S) moja ya kidato cha sita anaweza kuanza stashahada kwenye fani nyingi, nyingine zinampokea hata kwa cheti cha kidato cha nne chenye masomo yanayotakiwa. Baada ya miaka miwili au mitatu, kutegemea fani na ulikoanzia, anaomba shahada kwa kitabu kile cha pili cha TCU. Kiwango cha chini ni GPA, yaani wastani wa alama zako za stashahada, ya 3.0 pamoja na masomo manne uliyofaulu kidato cha nne. Programu zenye ushindani huandika zaidi, nyingine 3.5. Alama zako za kidato cha sita hapo zinakaa kimya.

Kwetu huku huna haja ya kusafiri mbali. MUST wana stashahada za uhandisi wa aina mbalimbali palepale wanapotoa shahada. Uyole kuna chuo cha kilimo cha wizara, MATI. Taasisi ya Uhasibu ina kampasi Mbeya. Kwa ualimu Iringa kuna Klerruu. Wa afya wana vyuo vingi vya utabibu na uuguzi, na kule wanatazama sana Baiolojia, Kemia na Fizikia za kidato cha nne, ndiyo maana nilisema cheti kile usikiache kabatini.

Mimi niliingia stashahada ya uhandisi nikiwa nimenuna. Wiki ya kwanza ya karakana tulipewa kila mmoja kipande cha chuma na tupa, tukaambiwa tukipige tupa mpaka pande zote ziwe sawa na kona ziwe mraba. Siku tatu. Viganja vilitoka malengelenge, na fundi akija anaweka kikagua kona juu ya chuma chako, anakiinua kwenye mwanga wa dirisha, ukiona mwanga unapenya chini unajua unarudi mezani. Sijawahi kusoma kitu PCM kilichoniingia kama kile. Nilipofika Dar es Salaam kuanza shahada nilikuwa nyuma ya wenzangu kwa miaka, lakini mchoro wa mashine nilikuwa nausoma kama gazeti, na waliokuwa na A zao walikuwa wananifuata jioni niwaeleze.

Onyo moja. Muhula wa kwanza ndio unaoua GPA. Watu wanaingia stashahada wakidhani ni mahali pa kupumzika, wanapata C tatu muhula wa kwanza, kisha wanatumia miaka yote iliyobaki kuzifukia. Anza kuhesabu GPA yako kabla ya mtihani wa kwanza. Mimi nilikuwa nimebandika 3.5 juu ya kitanda kwa kipande cha boksi.

Ukimaliza, hakikisha chuo chako kimewasilisha matokeo yako NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, kisha uombe namba ya uhakiki inayoitwa AVN kwenye mfumo wao. Bila AVN ombi lako la shahada haliendi. Fuatilia hilo matokeo yakitoka tu, usingoje dirisha lifunguke.

Njia ya pili ni kozi ya msingi ya Chuo Kikuu Huria, ambacho kina vituo Mbeya na Iringa. Ni ya mwaka mmoja, ina makundi matatu: sanaa, sayansi na biashara. Unaingia ukiwa na angalau pointi 1.5 kutoka masomo mawili ya kidato cha sita, na unatoka ukiwa na sifa kama umepata GPA ya 3.0 katika masomo sita ya msingi na angalau C katika masomo matatu ya kundi lako. Kwa mtu mwenye E na S, au yule wa A, S, S wa kwenye benchi, hii ni fupi kuliko stashahada. Ila unajisomea mwenyewe kwa kiasi kikubwa, hakuna kengele wala mwalimu wa zamu, na kama kidato cha tano ulihitaji kusukumwa, jiulize vizuri. Tena soma kwenye mwongozo kama programu unayoitaka inaipokea kozi hiyo kabla hujalipa.

Njia ya tatu ni kurisiti kama mtahiniwa wa kujitegemea. Unahitaji C tatu za kidato cha nne kusajiliwa kwa mtihani wa kidato cha sita. Mtihani ni Mei, matokeo Julai, kwa hiyo ni mwaka mmoja ukijipanga. Kwa tahasusi za sanaa kama HGL na HKL naikubali, hasa kama ulikosa kwa herufi moja na unajua kwa nini. Kwa PCM na PCB naiogopa. Mtihani wa vitendo unataka maabara, na kituo cha mjini kinachokukaribisha kwenye maabara mara mbili kabla ya Mei hakikuandai. Na kama nia yako ni kuunganisha herufi za mwaka huu na za mwaka ujao, nenda kwanza ofisi ya udahili ya chuo unachokilenga, uwaulize kama wanakubali vyeti viwili, wakujibu kwa maandishi.

Mwenye umri na uzoefu wa kazi yupo kwenye utaratibu mwingine wa TCU wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, wenye mitihani yake. Huo ni mwongozo wa siku nyingine.

Lolote utakalochagua kati ya hayo, lichague mwezi Julai. Vyuo vya stashahada navyo vina madirisha yao na hayakusubiri umalize kuhuzunika. Aliyekosa raundi tatu za shahada ndipo akakumbuka stashahada, mara nyingi anakuta milango imefungwa, na hapo ndipo parachichi za mzee zinapomwita.

Hatua ya 6: Pesa

Mkopo unaombwa Bodi ya Mikopo, mbali na maombi ya chuo, na dirisha lake halikungoji upate chuo kwanza. Kinachokwamisha wengi huku vijijini ni cheti cha kuzaliwa kutohakikiwa RITA, wakala wa usajili wa vizazi. Fanya hilo wakati unasubiri matokeo. Walio kwenye njia ya stashahada nao wasikate tamaa. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024 kuna mikopo ya stashahada kwa fani zilizopewa kipaumbele, angalia kama yako imo.

Hatua ya 7: Thibitisha

Ukichaguliwa chuo zaidi ya kimoja hujamaliza. Lazima uthibitishe kimoja ndani ya muda uliotangazwa, kwa namba maalumu inayotumwa kwenye simu au barua pepe uliyojaza wakati wa kuomba. Muda ukipita, nafasi wanapewa wengine.

Mdogo wangu aliombewa na kijana wa steshenari moja. Kijana mchangamfu, mwepesi wa kuchapa, akajaza barua pepe yake na namba yake ya simu, "usijali, nitakustua". Agosti majina yakatoka, mdogo wangu amechaguliwa vyuo viwili, kimoja kati yake ndicho alichokuwa anakiota tangu kidato cha pili. Tukaenda steshenari. Tukakuta mwingine. Yule kijana alikuwa kaacha kazi wiki mbili nyuma, kahamia Tunduma, na namba yake haipatikani. Kufungua akaunti ya chuo tunashindwa, nywila anayo yeye. Tulimsaka kwa siku nne, kupitia dada yake anayeuza mitumba Kabwe, kisha kupitia dereva wa Coaster aliyekuwa anakaa naye nyumba moja. Siku ya mwisho ya kuthibitisha, saa kumi na moja jioni, ikaita. Alikuwa kwenye foleni ya malori pale mpakani, mtandao unakatika, ujumbe anao bado hajaufuta. Akaanza kutusomea ile namba moja moja, mdogo wangu anaandika kwenye kiganja kwa sababu hakuna aliyekuwa na karatasi, na ya tano tulimrudisha mara tatu.